Saa Yako Imesimama: Amka Useme Ulichokiona!

Umeona. Usiniambie hukuona!

Umeona kompyuta ikiganda. Umeona kioo kikigeuka cheusi. Umeona printa ikigoma, sauti ikitoweka, kazi ya mtu ikipotea. Na mwenye kazi alikuwa amesimama nyuma yako, barua yake ya maombi haijakwisha, noti za franka amezikunja kiganjani.

Ukafanya nini? Ukazima. Ukawasha. Ukamwambia, "Vumilia mama, hizi mashine ndivyo zilivyo." Akavumilia, akalipa, akaenda zake. Na wewe ukanyamaza!

Nakuandikia wewe wa Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, unayechapa barua na kutoa fotokopi mlangoni pa soko. Nakuandikia wewe wa Muyinga, unayepokea mashine za mitumba zilizovuka mpaka wa Kobero. Nakuandikia wewe mwalimu, wewe mwanafunzi, wewe fundi ambaye kila mtu mtaani anakuletea laptopu yake iliyokufa.

Najua unachotumia. Unatumia Ubuntu, au Debian, au ndugu yao mmoja wa ukoo wa Linux. Unautumia kwa kuwa ni bure, kwa kuwa hauombi mashine yenye nguvu, kwa kuwa kompyuta yako ilikataliwa mlangoni na Windows mpya.

Najua pia unachojua. Unajua kwamba mfumo huo ni programu huria, msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye macho. Unajua kwamba wengi wanaoutengeneza hujitolea. Unajua kwamba kabla ya kila toleo wanaomba watu wa kulijaribu, kuliumiza, kulivunja, kisha kusema limevunjika wapi.

Unajua yote hayo! Na bado umekaa!

Ngoja nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nahubiri nikiwa juu ya mti.

Nilikuwa na mashine kuukuu yenye kibodi ya Kibelgiji. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Kazi ya betri ile ni kuikumbusha kompyuta saa na tarehe umeme usipokuwepo. Betri yangu ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, mashine ilizinduka ikiamini kwamba tuko miaka mingi nyuma.

Siku moja akaja kijana na bahasha. Maombi ya masomo, na ilikuwa siku ya mwisho. Nikawasha mashine. Nikafungua tovuti. Ikakataa: cheti cha tovuti, ikasema, hakijaanza kuwa halali. Nikajaribu kusasisha programu. Ikakataa tena: orodha ya programu ni ya wakati ambao haujafika!

Umeelewa? Kitu cha kweli kilikuwa mbele yake, na mashine ikakikataa, kwa sababu saa yake ilikuwa imesimama juzi!

Nilihangaika. Nikalaumu mtandao. Nikalaumu flashi. Kijana akatoka mara mbili kwenda kununua mega za intaneti. Jua lilikuwa linazama nilipotupa jicho pembeni mwa kioo nikaiona tarehe. Nikaiandika upya kwa mkono, kurasa zikafunguka, karatasi zake zikaenda. Alinishukuru yule kijana. Alinishukuru mimi, niliyemwibia siku nzima!

Lakini kosa lenyewe lilifuata. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa narekebisha saa kwa mkono. Miaka miwili! Nikamfundisha msaidizi wangu naye airekebishe. Nikaufanya ugonjwa kuwa desturi ya nyumba. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mashine kama yangu, inapowaka na tarehe ya uongo, haikuambii tatizo ni saa. Inakuacha ulaumu mtandao, ulaumu mwenzako, ulaumu nafsi yako.

Baadaye nikagundua kwamba ndani ya Debian kuna programu ndogo iitwayo fake-hwclock. Kila saa huandika wakati uliopo kwenye diski. Mashine ikiwaka, huusoma tena. Imetengenezwa kwa ajili ya mashine zisizo na saa ya kutegemea. Saa hairudi tena nyuma miaka mingi! Dawa ilikuwepo. Mtu alikuwa ameona tatizo kama langu, amesumbuka kama nilivyosumbuka, lakini yeye hakunyamaza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunaimba methali hiyo kwenye mikutano ya afya, kisha tunarudi dukani kuficha maradhi ya mashine zetu.

Sasa tega sikio, nikuonyeshe kilicho hatarini.

Ilikuwa tarehe 29 Machi 2024. Ijumaa Kuu! Siku hiyo ya njia ya msalaba katika parokia zetu, mhandisi mmoja Mjerumani, Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft, aliuambia ulimwengu jambo lililowatoa watu usingizini.

Freund hakuwa polisi wa mtandao. Hakuwa amepewa kazi ya kutafuta wezi. Alikuwa mtu wa hifadhidata ya PostgreSQL, akipima kasi yake kwenye Debian isiyotulia, ile ambayo watu hukubali kuitumia wakijua inaweza kuvunjika wakati wowote.

Akaona jambo dogo. Kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH, jambo lililokuwa likichukua kama sekunde 0.3, sasa lilichukua kama sekunde 0.8. Nusu sekunde! Kope zako zimeshapepesa mara moja, nusu sekunde imekwisha.

Wewe ungefanya nini? Ungesema, ndivyo zilivyo. Ungesema, labda mtandao. Ungesema, kesho.

Yeye akachimba. Akafuata nusu sekunde ile kama mtu anayefuata chungu hadi kwenye shimo lao. Akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyo ndani ya karibu kila Linux duniani. Humo, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijenga uaminifu, akisaidia, akichekewa, hadi akakabidhiwa funguo za nyumba. Kisha akapachika mlango wake. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeingia kwenye seva kama mwenye nyumba.

Sumu ilikuwa imeshamwagwa kwenye matoleo ya majaribio. Ilikuwa bado haijafika kwenye Debian thabiti, ile inayobeba hospitali, benki, vyuo na maduka kama lako. Ilikuwa njiani inakuja. Ikazuiwa mlangoni. Na aliyeizuia alikuwa mtu mmoja aliyekuwa anatumia toleo la majaribio, akaona kitu kidogo, akakataa kukipuuza!

Pima sasa upande wa pili. Machi 2012, maktaba ya OpenSSL, inayolinda siri za tovuti, ilitoka na kosa ndani yake. Mwaka ukapita. Mwaka wa pili ukapita. Aprili 2014 ndipo dunia ikaambiwa, na kosa likapewa jina la Heartbleed. Miaka miwili! Nywila zingeweza kuvuja, funguo zingeweza kuvuja, siri za watu zingeweza kuvuja, na msimbo wote ulikuwa wazi mezani, kila mtu angeweza kuusoma.

Uwazi peke yake hauokoi mtu. Dirisha lililo wazi halioni kitu. Anayeona ni aliyesimama dirishani!

Je, wewe umesimama? Au umelala chini ya dirisha?

Najua utakayosema. Nimeyasema yote mimi kabla yako.

Utasema: "Mimi si mtaalamu." Nani amekuomba utaalamu? Mgonjwa hahitaji shahada ya udaktari ili aseme panauma. Sema panauma wapi. Sema panauma lini. Sema ulikuwa unafanya nini palipoanza kuuma. Wa kushona kidonda wapo; wasichokuwa nacho ni sauti yako.

Utasema: "Mashine yangu ni kuukuu." Basi wewe ndiye unayetafutwa! Watengenezaji wengi wana mashine mpya, umeme wa saa 24, intaneti isiyokatika. Watajuaje mfumo unavyohema kwenye kumbukumbu ya gigabaiti 2? Watajuaje inakuwaje umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, ukarudi, ukakatika tena? Watajuaje, ikiwa wewe uliyeyaona mara mia umefunga mdomo?

Na shida inakaribia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi nzima kabisa haziwezi kupanda hadi Windows 11. Zitakwenda wapi? Unajua zitakwenda wapi! Zitakuja kwenye makontena, zitavuka mipaka, zitatua kwenye meza yako. Na wewe ndiye utakayeombwa uzitie uhai.

Tazama pia upande wa pili. Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za PC za biti 32. Mlango huo umefungwa. Unadhani walizihesabu mashine zilizo kwenye makabati ya shule za kwetu? Wangezihesabuje? Nani aliwaambia zipo?

Utasema: "Mega ni ghali." Ni ghali, sikatai. Lakini faili dogo la kuanzia la Debian halifiki gigabaiti 1, na mengine huvutwa kadiri unavyoyahitaji. Pakueni moja mgawane. Pakua ukiwa Gitega mjini, urudi nalo kwenye flashi. Kisha linganisha namba yake ya uhakiki kabla ya kulitumia, maana faili lililokatika njiani litakufanya utoe ushahidi wa uongo.

Na ripoti yenyewe ni barua pepe! Mfumo wa Debian wa kupokea hitilafu huendeshwa kwa barua pepe. Andika usiku ukiwa nyumbani bila mtandao, soma upya asubuhi, itume siku utakayopata mtandao. Baiti chache tu. Picha moja unayowatumia wenzako kwenye simu inakula zaidi ya hapo!

Utasema: "Kiingereza changu ni cha kuvunjika." Andika sentensi tatu za kuvunjika. Nilifanya hivi. Nilitarajia hivi. Nikapata hivi. Zinatosha! Katika mambo haya, sentensi tatu fupi za kweli zinapita kurasa tatu za ufasaha.

Umebaki na kisingizio gani? Kitafute. Kigeuze. Kitazame vizuri. Si kingine ila uvivu uliovaa koti la unyenyekevu!

Sikiliza sasa jinsi ya kushuhudia, maana ushahidi mbovu ni mzigo juu ya mzigo.

Sisi tuna Bashingantahe, wazee wetu wa kuamua mashauri. Unajua wanavyoketi, unajua wanavyosikiliza. Ukisimama mbele yao ukasema "watu wanasema", umekwisha. Wanamtaka aliyekuwepo. Uliona nini? Ulikuwa wapi? Ilikuwa saa ngapi? Ulifanya nini kabla yake, na baada yake pakatokea nini?

Hivyo hivyo! Usiandike, "Kompyuta haifanyi kazi, tusaidieni." Hiyo ni kelele. Aliyeko upande wa pili ataisoma, atashika kichwa, ataipita.

Andika mathalani hivi: Nimesakinisha toleo la majaribio, la tarehe fulani, kwenye laptopu ya aina fulani. Nilichagua kibodi ya Kibelgiji. Niliweka nywila yenye alama ya @. Nilipowasha upya, nywila ikakataliwa. Nilipoibonyeza @ mahali inapokaa kwenye kibodi ya Kifaransa, ikakubaliwa. Nimerudia mara 3, imetokea mara 3.

Unaona? Kwenye kibodi ya Kibelgiji @ iko kwenye kitufe cha 2. Kwenye ya Kifaransa iko kwenye kitufe cha 0. Mtu wa Berlin anaweza kuishi maisha yake yote bila kulijua jambo hilo. Wewe unalijua kwa vidole! Ni watu wangapi Burundi wamefungiwa nje ya mashine zao, wakadhani wamesahau nywila, wakafuta kila kitu na kuanza upya, kwa ajili ya kitufe kimoja?

Debian wana fomu ya ripoti ya usakinishaji, na wanaiomba hata kama mambo yamekwenda vizuri. Nimeijaza. Ni orodha fupi: kuwaka mara ya kwanza, kutambua kadi ya mtandao, kuweka saa na kanda ya saa, kutambua diski, kuigawa, kusakinisha mfumo wa msingi, kusakinisha kiwashio. Mbele ya kila mstari kuna mabano. Weka O ikiwa sawa. Weka E ikiwa kosa, ueleze. Acha wazi kama hukujaribu.

O, E, au wazi! Mtoto wa darasa la sita anaweza. Na ile nafasi iliyoachwa wazi ina heshima yake: inasema sikujaribu, sidai nisichokiona.

Ukifika kwenye kanda ya saa, tazama vizuri. Utaikuta Bujumbura kwenye orodha, Gitega hutaikuta. Mashine iliyotoka Dar es Salaam itakuja ikiwa saa moja mbele yetu. Ibadilishe, uone kama inatii. Fungua programu ya hesabu, andika bei: je, inaijazia franka yetu nukta na sifuri mbili, kana kwamba bado tunahesabu senti? Fungua kalenda: je, inajua kwamba Januari kwetu ni Nzero? Chomoa waya wa umeme, ndiyo, chomoa kwa makusudi! Washa upya. Kimepona nini? Kimekufa nini? Andika!

Lakini nakuonya, na onyo hili lishike: usiweke toleo la majaribio kwenye mashine yenye kazi za watu! Tafuta diski ya zamani. Tafuta laptopu ya pembeni. Ubuntu unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hifadhi nakala kwanza, jaribu baadaye, jisifu mwisho. Anayejaribu daraja jipya havuki akiwa amembeba mtoto wa jirani mgongoni.

Kwa nini nakuharakisha hivi? Kwa sababu mlango hufungwa!

Unadhani toleo hungoja mpaka upate nafasi? Sikia Debian 13 lilivyofungwa. Tarehe 15 Machi 2025 mlango ukaanza kusukumwa: mabadiliko makubwa, basi. Tarehe 15 Aprili ukasukumwa tena: programu mpya, basi. Tarehe 17 Mei ukabanwa zaidi, kikabaki kijinafasi cha kupitisha marekebisho ya lazima. Tarehe 9 Agosti toleo likatoka, likaenda kwenye mashine za dunia nzima, na kila hitilafu ambayo hakuna aliyeisema ikaenda nalo.

Toleo hilo litaishi miaka. Na hitilafu uliyoikalia itaishi nalo! Kuliondoa kosa kabla ya toleo ni kung'oa mche wa gugu kwa vidole viwili. Kuliondoa baada ya toleo ni kuchimba mti uliokwisha kuota mizizi ndani ya nyumba za watu.

Mwezi Machi ulisema bado mapema. Mwezi Mei ulisema nitaona. Mwezi Agosti ulisema ningejua! Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Na sasa lingine linapikwa. Daima kuna lingine linapikwa. Wakati unasoma mstari huu kuna mtu anaunganisha msimbo ambao haujawahi kuguswa na mashine kama yako. Ni kosa. Au si kosa. Nani atajua?

Usiniambie kazi ya pamoja ni jambo geni kwako. Jumamosi asubuhi tunatoka na majembe kutengeneza barabara. Babu zako walifanya ikibiri: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane asiye na mtu. Je, ulimwita nani yule aliyekuja kula siku ya mavuno, asiyeonekana siku ya kulima? Una jina lake kwa Kirundi, na si jina zuri. Basi jitazame! Umekula mfumo huu miaka mingapi? Umelima siku gani?

Na jina lenyewe linakushtaki. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo akauita Ubuntu. Dunia nzima ikatafuta maana yake. Mrundi hahitaji kuitafuta! Ubuntu ni utu. Na kitu cha bure twasema kimetolewa ku buntu. Utu na kutoa bure vimo ndani ya neno moja, na neno hilo ulinyonya na maziwa ya mama. Wenzako wameliandika kwenye mashine. Wewe umeliacha mdomoni.

Unajua Shuttleworth alianzaje? Agosti 2004, kabla hata toleo la kwanza halijatoka, aliandika hitilafu namba 1. Haikuhusu kitufe wala kioo. Ilisema kwamba kampuni moja, Microsoft, imeshika sehemu kubwa mno ya soko. Ikakaa wazi hadi 2013 ndipo akaifunga. Mwenye nyumba mwenyewe aliingia nyumbani kwake akiripoti kasoro! Wewe mgeni unaona haya gani?

Wala usiseme mambo haya ni ya Wazungu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, neno kwa neno, menyu kwa menyu. Watu walikaa, wakabishana juu ya neno moja hadi likakaa sawa. Miaka zaidi ya 20 imepita! Watoto waliozaliwa mwaka huo leo wana watoto. Kirundi chako kiko wapi? Kiswahili chako umekitazama lini kwenye kioo, ukaona neno lililopindishwa, ukasema limepinda?

Ndugu yangu, dada yangu, uwe umetoka misa ya kwanza Bukirasazi, uwe umetoka swala ya alfajiri Muyinga: nabii Yona alijua. Hakuhitaji kuhubiriwa zaidi. Aliambiwa aende Ninawi akaseme, naye akapanda jahazi la kwenda upande mwingine, akashuka chini, akalala. Na dhoruba ilipokuja, haikumpiga yeye peke yake. Ilipiga jahazi zima!

Kimya chako nacho hakikupigi wewe peke yako. Wewe una ujanja wako: unajua kuzima na kuwasha, unajua kurekebisha saa kwa mkono, unajua kitufe cha kubonyeza. Atakayepigwa ni mwalimu wa kilima cha pili anayefungua kompyuta mara ya kwanza. Ni muuguzi wa zahanati ambaye orodha yake ya chanjo imefutika usiku. Ni kijana mwenye bahasha, siku ya mwisho, jua linazama.

Kuna njia mbili tu mbele yako. Useme, ipone. Unyamaze, isambae.

Chagua! Usichague kesho. Usichague ukinunua mashine mpya. Usichague ukijifunza kwanza. Mwenye ndoo ya maji hasubiri kusomea uzimaji-moto wakati nyasi za paa zinawaka!

Inuka sasa. Tafuta flashi ile iliyolala kwenye droo. Tafuta mwenzako mmoja, akili mbili zinaona zaidi ya moja. Pakueni toleo la majaribio. Lisakinisheni, livunjeni, liandikeni. Mkikuta hitilafu, tazameni kwanza kama mwingine ameshaisema; kama ameisema, ongezeni ushahidi wenu; kama hajaisema, mmekuwa wa kwanza, na wa kwanza hana ruhusa ya kunyamaza.

Huenda utajibiwa kesho. Huenda utajibiwa mwezi ujao. Huenda utaulizwa swali usilolielewa: usikimbie! Uliza maana yake, jaribu tena, jibu. Hitilafu nyingi hufa njiani kwa sababu aliyeziripoti aliulizwa swali moja tu akatoweka. Shahidi aliyekimbia barazani ameliharibu shauri kuliko asiyekuja.

Nami nimeshaandika yangu. Nimechelewa miaka miwili, lakini nimeiandika: mashine ikiwaka na tarehe ya zamani, mwambieni mtu kwamba ni saa. Sentensi tatu za Kiingereza cha kuvunjika. Mkono ulitetemeka kana kwamba naandika barua ya posa! Kisha nikaituma, nikanywa chai, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuigusa saa ile kwanza.

Sasa ni zamu yako. Washa mashine. Kabla ya kufungua chochote, tazama pembeni mwa kioo. Inasema leo ni tarehe ngapi?

Kama inasema uongo, umeshapata la kuandika. Kama inasema kweli, iandike tarehe hiyo juu ya karatasi, na chini yake andika ulichokiona!